Je, Wajua? Kura Zinazoamua Hatima ya Miradi ya Mabilioni

Daraja, uwanja wa michezo, reli, jumba la makumbusho: kila kimoja kina bei, na kila bei ina mlipaji. Katika baadhi ya miji na majimbo duniani, mlipaji huyo huitwa kituoni kabla jiwe la msingi halijawekwa, akapewa karatasi ya kura na kuulizwa: tujenge au tuache? Kwa njia hiyo wananchi wamewahi kupitisha miradi iliyofaa na iliyokwama, na mingine wameikataa katakata. Lakini kila mara kura hiyo ilipoandaliwa vizuri, gharama iliwekwa wazi mbele ya mwenye kuilipa, mapema, wakati bado ana nguvu ya kusema hapana.

Je, wajua kwamba wananchi waliweka dhamana nyumba na mashamba yao ili daraja la Golden Gate lijengwe?

Tarehe 4 Novemba 1930, Marekani ikiwa imeshaanza kuzama katika mdororo mkubwa wa uchumi, wapiga kura wa kaunti sita za kaskazini mwa California waliombwa kuidhinisha hatifungani za dola milioni 35. Dhamana ya deni hilo haikuwa hazina ya serikali kuu bali mali zao wenyewe: nyumba, mashamba na biashara zilizokuwa ndani ya eneo la mradi. Kura 145,057 zilikubali, 46,954 zikakataa. Hata baada ya ushindi huo fedha hazikupatikana upesi, kwa kuwa soko lilikuwa limedorora, mpaka Bank of America chini ya A. P. Giannini ilipokubali kununua hatifungani hizo mwaka 1932. Daraja lilifunguliwa Mei 1937. Deni liliisha mwaka 1971: dola milioni 35 zilizokopwa, pamoja na riba ya karibu dola milioni 39, yote yakilipwa kwa tozo za magari yanayovuka. Yaani riba peke yake ilizidi bei ya daraja, na hilo ni jambo ambalo kila anayeombwa kuidhinisha mkopo wa umma anapaswa kulijua kabla hajatia alama kwenye karatasi.

Je, wajua kwamba kuna mji uliolipia reli ya chini ya ardhi ambayo haikuwahi kubeba abiria?

Mwaka 1916 wakazi wa Cincinnati, katika jimbo la Ohio, walipitisha kwa kura nyingi mkopo wa dola milioni 6 wa kujenga reli hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilichelewesha kazi. Ilipoanza mwaka 1920, bei zilikuwa zimepanda mno na fedha zilezile hazikutosha tena. Ujenzi ulisimama kabla muongo haujaisha. Mahandaki yapo mpaka leo chini ya barabara, na hakuna treni ya abiria iliyowahi kupita humo. Deni lake halikumalizika kulipwa hadi mwaka 1966, miaka 50 baada ya kura.

Je, wajua kwamba wapiga kura waliwahi kuamua kununua picha mbili za Picasso?

Ilikuwa Basel, Uswisi, mwaka 1967. Aprili ya mwaka huo ndege ya kampuni ya Globe Air ilianguka Saiprasi na kuua watu 126. Mwenye hisa nyingi katika kampuni hiyo alitoka katika familia ya Staechelin, iliyomiliki mkusanyo mkubwa wa sanaa, na baada ya kampuni kuanguka alihitaji fedha. Picha mbili za Pablo Picasso zilizokuwa zimeazimwa kwa jumba la makumbusho la mji zikawa hatarini kuuzwa nje.

Bei ilikuwa faranga milioni 8.4. Serikali ya jimbo iliahidi milioni 6, na milioni 2.4 zilizobaki wananchi walitakiwa kuzichanga wenyewe. Zilichangwa: vijana na wazee waliingia mitaani katika tamasha kubwa la kuombaomba, wakapika, wakaimba, wakang'arisha viatu vya watu ili wapate fedha. Waliopinga matumizi hayo nao walitumia haki yao, wakakusanya saini hadi suala likapelekwa kwenye kura. Tarehe 17 Desemba 1967, kura 32,118 zilisema ndiyo na 27,190 zikasema hapana.

Picasso, aliyekuwa na umri wa miaka 86, aliguswa sana kusikia kwamba watu wa kawaida wamekubali kodi yao inunue kazi zake. Alimwalika mkurugenzi wa jumba hilo nyumbani kwake kusini mwa Ufaransa na kuuzawadia mji kazi nyingine nne. Watu wa Basel walilipia picha mbili wakapata sita. Na waliopinga walistahili heshima ileile, kwa sababu bila saini zao hakuna mtu angeweza kusema kwa uhakika kwamba mji wenyewe ndio ulioamua.

Je, wajua kwamba katika jimbo moja la Uswisi kiwango cha kodi huamuliwa uwanjani kwa kuinua kadi?

Katika jimbo la Glarus, wapiga kura hukusanyika hadharani kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Mei. Hujadili sheria, matumizi makubwa na kiwango cha kodi, kisha huinua kadi zao juu kukubali au kukataa. Tangu 2007, hata mwenye miaka 16 ana kadi yake. Mwaka 2006 serikali ya jimbo ilipendekeza kupunguza idadi ya manispaa. Raia mmoja akasimama na kutaka zipunguzwe zaidi, zibaki tatu tu kutoka 25, na mkutano ukamuunga mkono palepale.

Je, wajua kwamba mji wa Denver uliwahi kurudisha Michezo ya Olimpiki baada ya kukabidhiwa?

Mwaka 1970 Denver, katika jimbo la Colorado, ulichaguliwa kuandaa Michezo ya majira ya baridi ya 1976. Makadirio ya gharama yakawa yanapanda, na wakazi wakaanza kuhofia kodi zao na milima yao. Novemba 1972, takriban asilimia 60 ya wapiga kura wa jimbo walikataa fedha za umma zitumike. Michezo ikahamia Innsbruck, Austria. Richard Lamm, mbunge kijana wa jimbo aliyekuwa mstari wa mbele kupinga, alichaguliwa kuwa gavana miaka miwili baadaye.

Wapiga kura wa miji mingine walikataa hata kabla ya kukabidhiwa: Munich mwaka 2013, Hamburg mwaka 2015, Calgary mwaka 2018. Lakini anayeulizwa hakatai siku zote. Mwaka 2003 asilimia 64 ya wapiga kura wa Vancouver waliikubali Michezo ya 2010, na Oktoba 2025 Munich uleule uliosema hapana ulisema ndiyo kwa theluthi mbili hivi ya kura.

Je, wajua kwamba kuna kura ambayo mpinzani wa mradi alitakiwa kuandika "ndiyo"?

Mradi wa kituo kipya cha reli cha Stuttgart, Ujerumani, uligawanya watu vibaya kiasi kwamba jimbo zima la Baden-Württemberg lilipiga kura Novemba 2011. Wapiga kura waliulizwa kama wanaunga mkono sheria ya kuliondoa jimbo katika ufadhili wa mradi. Kwa hiyo aliyekitaka kituo alipaswa kusema hapana, na asiyekitaka aseme ndiyo. Asilimia 58.9 walisema hapana, ujenzi ukaendelea. Gharama, iliyokuwa ikitajwa kuwa karibu yuro bilioni 4.5, baadaye ilivuka bilioni 11.

Je, wajua kwamba kuna sheria zinazolazimisha neno "kodi" liandikwe kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya kura?

Tangu mwaka 1992 katiba ya Colorado inataka ongezeko lolote la kodi lipigiwe kura, na swali lenyewe lianze kwa kutaja ongezeko hilo na kiasi chake. Texas nayo, tangu 2019, inataka karatasi za kura za mikopo ya shule ziandikwe waziwazi kwamba hili ni ongezeko la kodi ya mali. Wako wanaolalamika kwamba maneno hayo huwatisha watu wakakataa hata shule wanayoihitaji. Lalamiko hilo lina uzito, ila dawa yake ni kuandika pia faida ya mradi kwa uwazi uleule, wala si kuificha bei.

Je, wajua kwamba asilimia 66 ya kura inaweza kushindwa?

Sheria iliyopitishwa na wapiga kura wa California mwaka 1978, maarufu kama Proposition 13, iliweka kikomo kwenye kodi ya majengo na kutaka kodi maalumu za mitaa zipate theluthi mbili ya kura. Mwaka 2008 kaunti ya Los Angeles ilipata zaidi kidogo ya kiwango hicho, ikapitisha kodi ya mauzo ya nusu senti kwa kila dola ili kujenga reli na barabara. Mwaka 2012 iliomba muda wa kodi hiyo uongezwe. Asilimia 66.1 walikubali, na pendekezo likaanguka kwa kukosa kidogo tu. Mwaka 2016 pendekezo jingine lilivuka asilimia 70.

Je, wajua kwamba Stockholm ilijaribu kwanza ndipo ikapiga kura?

Wakazi wengi wa mji huo walipinga wazo la kuyatoza magari yanayoingia katikati ya mji. Badala ya kubishana kwa maneno, wakuu wa mji waliendesha majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Septemba watu waliulizwa, na sasa waliokubali wakawazidi kidogo waliokataa. Manispaa kadhaa za jirani zilipiga kura zao, na huko wengi walikataa. Tozo ikawa ya kudumu mwaka 2007, na swali likabaki: je, aulizwe anayeishi mjini tu, au na anayeingia kila asubuhi kufanya kazi?

Je, wajua kwamba sheria za Kenya na Tanzania nazo zinampa mwananchi nafasi ya kuulizwa?

Kifungu cha 90 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya Kenya ya mwaka 2012 kinaruhusu kura ya maoni katika kaunti, pamoja na ile ya maamuzi ya mipango na uwekezaji, ikiwa ombi limetiwa saini na angalau asilimia 25 ya wapiga kura walioandikishwa. Nchini Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji unamjumuisha kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo kwanza. Mwekezaji akija na ahadi ya shamba kubwa, kura ya mwanakijiji aliyekaa chini ya mwembe ina nguvu ya kisheria.

Nguvu hiyo hupotea kwa njia rahisi sana: watu wasipohudhuria. Paris ilipowauliza wakazi wake Februari 2024 kama magari makubwa na mazito yatozwe zaidi kwa maegesho, chini ya asilimia 6 ya wapiga kura walijitokeza, na hao wachache wakaamua kwa niaba ya mji mzima.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi mradi ukitangazwa katika kata, kaunti au kijiji chako, nenda kwenye mkutano na uulize manne: bei yote ni kiasi gani pamoja na riba, nani atalipa, kwa miaka mingapi, na bei ikipanda nani ataamua tena. Kiongozi mwenye mradi mzuri atakuwa na majibu, na atafurahi kwamba umeuliza.