Nambari moja, bunduki mbalimbali: kwa nini risasi hukataa kuingia

Kanzu mbili zaweza kuandikwa nambari 58, moja ikakukaa vizuri na ya pili ikakubana mabegani. Nambari ile hupima urefu. Shingo na mabega ni shauri la fundi aliyeshona. Bunduki nazo ni hivyo hivyo, na kuna vijana waliokufa kwa sababu wakubwa wao hawakulitilia maanani jambo hilo.

Chukua bunduki za .303, ambazo wazee wetu waliotumikia KAR au polisi wa mkoloni walizijua vyema. Nambari hiyo ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Haisemi lolote kuhusu chemba, yaani pale nyuma risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa. Chemba moja yaweza kuwa na nafasi, nyingine ikabana.

Aprili 1915, askari wa Kanada walikuwa Ypres, Ubelgiji, mikononi wana bunduki aina ya Ross. Ilikuwa .303, sawa na Lee-Enfield ya Waingereza, lakini chemba yake ilibana. Risasi za Waingereza hazikuwa na vipimo makini vya kuifaa, ingawa katika Lee-Enfield zilipita bila taabu. Basi Ross ikipata joto na matope, ganda linanasa. Askari wakawa wanapiga komeo la bunduki kwa visigino vya buti ili lifunguke, huku gesi ya sumu na Wajerumani wanawajia. Zaidi ya 1,400 walionusurika walizitupa Ross zao wakaokota Lee-Enfield. Kufikia 1916, Ross iliondolewa kwa askari wa kawaida wa miguu.

Somo hilo bado linawahusu watu wa Marekani wanaojaza upya risasi zao nyumbani, jambo linaloruhusiwa huko. Ganda la shaba likifyatuliwa hufura, likachukua umbo la chemba ile ile lililotokea. Mwenye bunduki moja akilibana shingo tu, ganda litarudi mahali pake bila shida na litadumu. Lakini mwenye bunduki tatu za kaliba moja, ganda lililofura katika chemba pana huenda likakataa kuingia katika ile inayobana.

Ana njia mbili. Ya kwanza ni kutenga maganda, kila bunduki na boksi lake lenye alama, yasichanganyike kabisa. Ya pili ni kuyapitisha yote katika kalibu inayolibana ganda zima, mpaka yaingie katika chemba iliyo nyembamba kuliko zote. Njia hii ni rahisi ila ina gharama yake: shaba inayofura na kubanwa mara kwa mara huchoka, ikafanya ufa karibu na kitako. Maganda ya .303 yanajulikana sana kwa hilo.

Baruti nayo haipimwi kwa kuangalia bunduki yenye nguvu. Kama risasi moja itatumiwa na zote, kipimo hufuata ile iliyo dhaifu, kwani shinikizo ambalo bunduki mpya inalistahimili laweza kuipasua kuukuu mbele ya uso wa mwenyewe.

Hapa Kenya, ndugu msomaji, usilijaribu hili. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kujitengenezea risasi nyumbani bila idhini, na hata kumiliki risasi kunataka leseni. Ukikuta risasi kuukuu katika sanduku la marehemu babu, usiseme ni nambari ile ile kwa hivyo ni salama. Usiigonge, usiipashe moto, usiwape watoto kuchezea. Iache pale pale, kisha uwajulishe polisi au chifu waje kuichukua.