Taa au Lami? Fumbo la Jiji Changa la Eldoret

Saa moja ya jioni ikigonga, giza huingia Eldoret bila kubisha hodi. Mji huu uko kaskazini kidogo tu ya Ikweta, kwa hivyo iwe ni Januari au Julai, usiku wake haurefuki wala haufupiki kwa kiasi cha kuonekana. Ni takriban saa kumi na mbili za giza, siku nenda siku rudi, mwaka mzima.

Katika saa hizo maisha hayalali. Wauguzi wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokezana zamu. Wanafunzi wa masomo ya jioni hufunga vitabu na kuanza kuhesabu hatua za kurudi vyumbani. Mama mboga wa Langas na Huruma hukunja gunia lake, naye utingo wa matatu ya mwisho huita abiria wa Turbo kwa sauti iliyokwisha kukauka. Miongoni mwa abiria hao wamo wanaoteremkia njiani ili kuingia vijijini, Sugoi ikiwa mojawapo. Na kabla ya jogoo kuwika mara ya pili, wanariadha, ambao ndio fahari ya mji huu, wako barabarani tayari, wakipiga mbio kando ya magari yasiyowaona vizuri.

Hawa wote wanauliza swali moja, ingawa kila mmoja analiuliza kivyake. Ikiwa mfuko wa jiji ni mdogo, na kila mara huwa mdogo, je, pesa ziende kwenye taa au ziende kwenye lami?

Kutoka Shamba Nambari 64

Wazee wa hapa bado huuita mji wao Sisibo, jina lililotokana na nambari 64 ya shamba ambapo posta ilifunguliwa mwaka wa 1910. Mwaka wa 1912 ukapewa jina la Eldoret. Reli ilifika mwaka wa 1924, maji ya mfereji kutoka Mto Sosiani yakafuata mwaka wa 1928, na mwaka wa 1933 kampuni ya East African Power and Lighting ikaweka mtambo wa stima.

Lakini kama ilivyokuwa katika miji yote ya kikoloni, lami na taa zilianzia madukani na kwenye makao ya walowezi. Mitaa ya vibarua Waafrika iliambiwa isubiri, na mingine ilisubiri hadi bendera ikabadilishwa. Mpangilio huo wa kale haujafutika kabisa. Mtu akitembea kutoka katikati ya mji kuelekea pembezoni, bado ataona taa zikipungua kadiri nyumba zinavyozidi kubanana.

Baada ya Uhuru, kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa baraza la manispaa na madiwani wake. Mwaka wa 1998 sheria ilipitishwa ya kuyapa mabaraza yote ya nchi asilimia tano ya kodi ya mapato, nayo mabaraza yakaanza kupata pesa za kutegemea. Hata hivyo, mishahara na madeni ya zamani yalimeza sehemu kubwa ya mapato ya mabaraza mengi nchini.

Mabaraza hayo yalikufa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, Katiba ya 2010 ilipoleta serikali za kaunti. Kisha tarehe 15 Agosti 2024, Rais William Ruto, ambaye nyumbani kwake ni Sugoi, aliikabidhi Eldoret hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sensa ya 2019 ilikuwa imehesabu watu 475,716 mjini humo.

Hati ni karatasi ya heshima. Lakini haizibi shimo wala haiwashi balbu. Kwa mpangaji wa Munyaka au Kipkaren, jiji litakuwa jiji siku atakapofika mlangoni saa mbili za usiku bila kushika simu mkononi ili imwonyeshe njia.

Nguzo ni ya nani?

Hapa ndipo wengi hukwama. Raia akiona taa imezimika, humlaumu mwakilishi wadi wake. Mwakilishi naye husema barabara hiyo si ya kaunti. Je, nani anasema kweli?

Jedwali la Nne la Katiba linagawa kazi. Barabara kuu za taifa ni za serikali ya kitaifa. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma ni kazi ya kaunti. Uganda Road, inayoukata mji katikati, ni sehemu ya barabara kuu itokayo Mombasa hadi Malaba. Kwa hivyo lami inayokanyagwa na mtoto akivuka na kichochoro anachoingilia mita chache mbele huenda vikawa chini ya ofisi mbili tofauti, zenye bajeti mbili na wahandisi wawili.

Zipo kazi za serikali kuu zilizoupunguzia mji mzigo. Barabara ya mchepuko ya kilomita 32, kutoka Cheplaskei hadi Maili Tisa, iliyojengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, imeyapa malori ya masafa marefu njia ya kuzunguka mji badala ya kupita katikati yake.

Upande wa jiji, kuna bodi inayosimamia kazi za kila siku, lakini bodi haijitungii bajeti na kuipitisha. Inapendekeza, bunge la kaunti ndilo linaloamua. Nalo bunge hilo lina wawakilishi wa Langas na wa Kapsoya, lakini pia lina wawakilishi wa mashamba ya mahindi na maziwa. Yule wa mashambani atauliza, tena kwa haki, kwa nini mji uongezewe taa ilhali maziwa ya watu wake yanaharibika njiani kwa matope. Mkazi wa Sugoi anayepeleka mtoto hospitalini usiku anahitaji njia nzuri huko kwake na taa akifika mjini. Usimshangae akitaka vyote viwili.

Hesabu ya balbu

Tuchukue kalamu na karatasi. Taa ya zamani ya rangi ya machungwa, yenye nguvu ya wati 250, ikiwaka kwa saa kumi na mbili hula yuniti tatu za stima. Taa 1,000 za aina hiyo hula yuniti 3,000 kwa usiku mmoja, na zaidi ya yuniti milioni moja kwa mwaka.

Taa mpya za LED zenye wati 100, ambazo huangaza barabara ya kawaida vizuri, zitakula yuniti 1,200 kwa usiku, au yuniti 438,000 kwa mwaka. Tofauti ni yuniti 657,000. Familia inayotumia yuniti 50 kwa mwezi hutumia 600 kwa mwaka. Basi kubadilisha balbu 1,000 tu kunaokoa stima ya kutosha nyumba zaidi ya 1,000.

Hesabu hii ni muhimu kwa sababu nguzo hununuliwa mara moja, lakini bili huja kila mwezi. Mwanasiasa hupenda siku ya kuzindua, maana kuna ngoma na wapiga picha. Bili haina ngoma. Mnamo Februari 2025 wakazi wa Nairobi walishuhudia kioja pale kampuni ya Kenya Power ilipokatia afisi za kaunti stima kwa ajili ya deni, na takataka zikamwagwa nje ya makao yake ya Stima Plaza. Kila upande ulidai kuwa unamdai mwenziwe.

Isitoshe, kuna wezi. Waya wa shaba huuzwa kwa kilo, na betri ya taa ya jua haikai juu ya nguzo iwapo mtaa mzima haumjui mlinzi wake. Mnamo Januari 2022, baada ya minara ya stima kuanguka na nchi kuingia gizani, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu hadi Mei mwaka huo. Taa ndefu ambazo Wakenya wamezibandika jina la mulika mwizi nazo haziponi: mwizi anayemulikwa ndiye huyo huyo anayeuvizia waya wake.

Adui wa lami ni maji

Wanaosema lami itangulie wana hoja nzito. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Septemba. Mvua hiyo ndiyo inayofanya kaunti ya Uasin Gishu iwe ghala la mahindi. Lakini maji hayo hayo yakikosa mtaro hutuama kando ya barabara, hupenya chini ya lami na kuulainisha msingi. Lori likipita juu, lami huvunjika kama mkate uliochovywa chaini. Mwaka unaofuata, shimo huwa kidimbwi.

Ndiyo maana mhandisi mwaminifu atauliza mtaro kabla ya kuuliza lami. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hakuna mahali ambapo msemo huo huonekana wazi kama barabarani. Pesa za kuziba ufa zipo, angalau kisheria. Tangu sheria ya mwaka wa 1993, kila anayenunua petroli au dizeli hulipa ada ya kukarabati barabara. Mnamo Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mwendesha bodaboda wa Maili Nne anachangia kila anapojaza tangi. Hata hivyo, magavana na wabunge wamevutana hadi mahakamani kuhusu Sh10.5 bilioni za mfuko huo, kila mmoja akisema ndiye anayefaa kuzitumia.

Wenzetu wamejaribu nini?

Je, taa hupunguza uhalifu kweli? Mnamo 2016 jiji la New York liliweka taa kali za muda katika baadhi ya mitaa ya nyumba za umma, likachagua mitaa hiyo kwa bahati nasibu ili kulinganisha kwa haki. Watafiti waliona makosa makubwa yanayotendeka nje usiku yakipungua kwa takriban asilimia 36. Lakini Chicago ilipoangaza vichochoro vyake miaka ya mwisho ya karne iliyopita, uchunguzi haukuonyesha kwamba uhalifu umepungua. Somo ni kuwa taa peke yake si askari. Huenda ikasaidia pale ambapo kuna watu, vibanda na macho ya majirani, lakini ikawa kazi bure pale ambapo hakuna anayepita.

Kuna Detroit pia. Jiji hilo lilipofilisika mwaka wa 2013, karibu asilimia 40 ya taa zake 88,000 hazikuwaka. Walipojenga upya, hawakurudisha zote. Waliweka taa 65,000 za LED, wakamaliza mwishoni mwa 2016. Walikubali kuwa na taa chache zinazowaka badala ya nguzo nyingi zinazosimama gizani kama wanyongwaji. Jiji changa kama Eldoret lina nafasi ya kulijua hilo mapema.

Tena usalama si wezi tu. Mwaka wa 2023 watu 4,324 walifariki katika barabara za Kenya, na zaidi ya thuluthi moja walikuwa wanaotembea kwa miguu. Lami mpya isiyo na njia ya miguu, matuta wala taa hualika mwendo wa kasi. Barabara mbaya humchelewesha dereva. Barabara nzuri yenye giza humnyima mtembeaji nafasi ya kuonekana. Kwa hivyo fumbo la taa au lami lina jibu moja: barabara chache zikamilishwe kwa mtaro, njia ya miguu na taa, badala ya nyingi zinazoachwa nusu.

Chache zipi basi? Hapo ndipo vita vyenyewe vilipo. Kwa maoni ya safu hii, zitangulie njia wanazotumia watu wengi kwa miguu usiku: za kutoka hospitalini, shuleni, sokoni na kwenye vituo vya matatu. Barabara ya kuelekea kwenye majumba yenye mageti na walinzi inaweza kungoja.

Kalenda ya kubandika jikoni

Msomaji mpenzi, uamuzi huu haufanywi gizani, ila sisi ndio hatuendi. Kila Septemba 1 kaunti huwa imewasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka. Kufikia Februari 28 huwasilisha karatasi ya mikakati ya fedha, ambayo huonyesha kila idara itapata kiasi gani. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti hufika mbele ya bunge la kaunti, nayo hupitishwa kabla ya Juni 30. Katiba, kifungu cha 196, inalilazimisha bunge hilo kuwashirikisha wananchi. Na sheria ya mwaka wa 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari, naye afisa anatakiwa kumjibu katika muda wa siku 21.

Mikutano hii mara nyingi hujaa wazee wenye muda na vijana waliotumwa na wanasiasa. Wanaotembea gizani hawamo: muuguzi amelala baada ya zamu, mama mboga yuko sokoni, mwanafunzi yuko darasani. Familia inaweza kumtuma mmoja. Mwanafunzi anaweza kuhesabu taa zilizozimika kutoka kituoni hadi nyumbani na kuandika idadi hiyo kwenye barua. Barua yenye idadi na jina la njia ni vigumu kuipuuza kuliko malalamiko ya jumla.

Wawakilishi wadi huogopa sana kitu kimoja: mpiga kura anayejua tarehe. Basi zibandike tarehe hizo ukutani, kando ya ratiba ya shule.