Umepata Nafuu? Ukilinganishwa na Nani?

Anayeanza kusoma saikolojia hakosi kukutana na kiwanda cha Hawthorne. Kilikuwa katika mji wa Cicero, ubavuni mwa Chicago, mali ya kampuni ya Western Electric, na kazi yake kuu ilikuwa kuunda vifaa vya simu. Enzi za neema yake kiliajiri watu wapatao 40,000. Mwaka 1924 watafiti waliingia humo na swali jepesi: chumba kikiongezewa mwanga, mafundi watazalisha zaidi? Walioshabikia utafiti huo ni pamoja na wenye biashara ya taa na umeme, kwa hiyo jibu walilolitamani lilijulikana mapema.

Mwanga ukaongezwa, kazi ikapanda. Ukapunguzwa, kazi ikapanda vilevile. Ilifika mahali taa zikafifishwa hadi chumba kikabaki na mwanga kama wa mbalamwezi, na mafundi wawili waliokuwa wakijaribiwa wakaendelea na kasi yao kama kawaida. Wenye taa wakaishiwa hamu. Wenye viwanda ndio kwanza wakachangamka.

Aprili 1927 wanawake watano, wengi wao bado wasichana, wakatengewa chumba chao. Walikuwa wanaunganisha rilei, yaani kile kiswichi cha sumaku kilichopitisha mawasiliano ya simu. Rilei moja ilikuwa na vipande takriban 35, na fundi mzoefu aliimaliza kwa kama dakika moja. Kila iliyokamilika ilitumbukizwa kwenye mfereji, mashine ikatoboa tundu kwenye utepe wa karatasi, na hesabu ikawekwa. Wakapewa mapumziko mawili ya dakika tano, baadaye ya dakika kumi, baadaye sita ya dakika tano tano, ambayo waliyalalamikia kwamba yanawakatisha kazi. Ikaja zamu ya chakula kidogo cha asubuhi, ikaja zamu ya kutoka mapema. Karibu kila kilipobadilishwa kitu, hesabu ilipanda. Kisha mwaka 1928 wakanyang'anywa vyote wakarudishwa kwenye utaratibu wa zamani, na uzalishaji wa wiki haukurudi ulikotoka.

Elton Mayo, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha Harvard, ndiye aliyeipa habari hii umaarufu. Kwa maelezo yake, kilichowainua wale wanawake kilikuwa kusikilizwa, kuthaminiwa na kuwa kikundi kimoja. Mwaka 1958 Henry Landsberger akaipa jina linalotumika hadi leo, athari ya Hawthorne: mtu hubadilika kwa sababu tu anajua anatazamwa. Mameneja waliipenda mno habari hii, na mtu akitafakari ataona sababu. Inawaambia kwamba mshahara unaweza kusubiri, kinachotakiwa ni bosi kupita mezani kwa mtu na kumuuliza hali ya watoto.

Tatizo ni kwamba ndani ya chumba kile mambo mengi yalibadilika kwa mpigo. Malipo yalibadilika. Awali bonasi yao ilipigiwa hesabu kwenye idara kubwa, ambako juhudi ya mmoja ilimezwa na uzembe wa wengine. Sasa ikapigiwa hesabu kwa watano tu, na kila rilei ya ziada ikaonekana kwenye bahasha. Januari 1928 wawili kati ya watano waliondolewa kwa kupiga soga na kutotoa ushirikiano, wakaletwa wengine. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaporomoka, na mtu aliyeona wenzake wakipunguzwa kazi hahitaji kutazamwa ili aongeze kasi. Hivi hapo unasemaje kwamba kilichofanya kazi ni upendo wa meneja?

Zile takwimu za taa, ambazo wengi waliamini zimepotea, zilipatikana baadaye. Wachumi Steven Levitt na John List walizichambua upya na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Waligundua jambo ambalo karani yeyote mwangalifu angeweza kuliona: taa zilibadilishwa Jumapili. Jumatatu hesabu ikaonekana iko juu kuliko Jumamosi, sifa zikaenda kwa taa. Lakini Jumatatu hesabu ilikuwa juu kuliko Jumamosi hata wiki ambazo hakuna aliyegusa swichi.

Kuna sehemu ya Hawthorne ambayo kwenye semina za uongozi huwa haisimuliwi sana, nami naiona ndiyo tamu zaidi. Novemba 1931 wanaume 14 waliokuwa wakiunganisha nyaya waliwekwa kwenye chumba chao, mtazamaji akiwa amekaa humohumo. Hao hawakuongeza kitu. Walikuwa wamekubaliana kimyakimya kiasi cha kazi kinachotosha kwa siku, na aliyekizidisha alipigwa ngumi ya mkono ya kumkumbusha. Hofu yao ilikuwa moja: wakionekana wanaweza zaidi, kampuni itashusha kiwango cha malipo au itapunguza watu. Walitazamwa kwa miezi, na kutazamwa hakukuwapandisha. Aliyewahi kufanya kazi ya vibarua bandarini au kiwandani anaijua hesabu hii bila kufundishwa.

Ndiyo maana mwalimu mzuri wa saikolojia, kabla hajagusa ndoto wala silika, huwafundisha wanafunzi takwimu, somo ambalo wengi walidhani wamelikimbia walipochagua sanaa. Mtu akisema kitu fulani kimeleta mabadiliko, swali la kwanza ni: ukilinganisha na nini?

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi alivyobishiwa na mkufunzi wa marubani wa jeshi la Israel. Kahneman alikuwa anawaeleza wakufunzi kwamba sifa hufundisha kuliko makaripio. Mkufunzi akasimama na ushahidi wa miaka: nikimsifu mwanafunzi aliyerusha ndege vizuri, safari inayofuata anaharibu, nikimfokea aliyeharibu, inayofuata anafanya vizuri. Kahneman hakubishana naye. Alichora alama kwa chaki sakafuni akamtaka kila ofisa aitupie sarafu mbili akiwa ameipa mgongo. Waliolenga karibu mara ya kwanza wengi walikosea mara ya pili. Waliokosea sana wengi walisogea. Hakuna aliyesifiwa wala aliyefokewa.

Siku mbaya kupita kawaida mara nyingi hufuatwa na siku ya kawaida. Siku nzuri kupita kawaida, vivyo hivyo. Francis Galton wa Uingereza aliliona hilo mwaka 1886 kwenye vimo vya wazazi na watoto: wazazi warefu sana huzaa watoto warefu, lakini kwa wastani si warefu kama wao. Kwenye takwimu huitwa kurejea kwenye wastani, na limewadanganya watu wengi wazima. Shule inayoshika mkia kwenye mtihani wa majaribio, walimu wakaitwa ofisini, wanafunzi wakachapwa, kisha mtihani wa taifa ikapanda kidogo: fimbo inapewa sifa. Mfanyakazi bora wa mwezi anapigwa picha, inabandikwa ukutani, mwezi unaofuata mauzo yake yanashuka, na wenzake wananong'ona kwamba kavimba kichwa. Huenda kweli kavimba. Ila hata asingepigwa picha, kuna uwezekano mkubwa angeshuka.

Ofisini hasara ya kudanganyika hivi ni fedha za semina. Kwenye tiba hasara ni watu.

Mwaka 1933 daktari Manfred Sakel wa Vienna alitangaza tiba mpya ya skizofrenia. Mgonjwa alichomwa sindano ya insulini asubuhi hadi sukari ikashuka na akapoteza fahamu kabisa, kisha akazinduliwa kwa sukari, mara nyingi kwa mpira uliopitishwa puani. Kesho yake hivyo hivyo, kwa wiki kadhaa. Wengine hawakuamka. Tiba hiyo ilienea Ulaya na Marekani, hospitali zikajenga wodi maalumu, na madaktari waliifanya kwa nia njema kwa kuwa waliona kwa macho yao wagonjwa wakipata nafuu.

Nafuu ilikuwepo kweli, na hapa ndipo chumba cha rilei kinaporudi. Waliochaguliwa kwa insulini mara nyingi walikuwa wagonjwa wapya, vijana, ambao wengi wao wangeweza kupata nafuu hata wasipoguswa. Wodi yao ilikuwa na wauguzi wengi kuliko nyingine, watu waliokesha nao, waliowalisha, waliowaita kwa majina, katika hospitali ambazo mgonjwa wa kawaida aliweza kupita wiki bila daktari kumsemesha. Mwaka 1953 daktari kijana, Harold Bourne, aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba ushahidi wa insulini ni hadithi. Wakubwa zake walimshukia. Mwaka 1957 Ackner na wenzake jijini London wakafanya kilichopaswa kufanywa tangu mwanzo: wagonjwa wakagawanywa, wengine wakalazwa usingizi mzito kwa insulini, wengine kwa dawa ya usingizi tu, wakahudumiwa sawa kwa kila kitu kingine. Matokeo hayakutofautiana. Zaidi ya miaka 20 ilikuwa imepita tangu Vienna.

Mtu asije akahitimisha kwamba tiba za akili zote ni maigizo. Jibu la wasiwasi huo lilipatikana jirani yetu kabisa, katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini-magharibi mwa Uganda, eneo linalopakana na Kagera na lililoumizwa vibaya na Ukimwi. Timu iliyoongozwa na Paul Bolton wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ilichagua vijiji 30, vikagawanywa kwa bahati nasibu. Katika baadhi yake watu wenye dalili za sonona walikutana kikundi kimoja mara moja kwa wiki, dakika 90, kwa wiki 16, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume. Waongozaji hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa eneo hilo waliofunzwa kwa muda mfupi, na mazungumzo yalihusu mambo yanayomkalisha mtu chini: msiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyogeuka ghafla. Vijiji vingine havikupewa vikundi, ingawa wakazi wake walikuwa huru kutafuta msaada wowote uliokuwepo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003, nayo yanahitaji kusomwa polepole. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya walioingia kwenye vikundi walikuwa na vigezo vya sonona. Mwishoni ilikuwa asilimia 6.5. Mwenye kuuza tiba angeishia hapo, na bango lingeshachapishwa. Lakini katika vijiji visivyopewa vikundi, asilimia 94 ilishuka hadi 54.7.

Yaani watu wapatao wanne kati ya kila kumi walitoka kwenye sonona bila vikundi. Muda ulipita, vilio vikapungua, na walioandikishwa wakiwa katika hali mbaya kabisa wakarudi karibu na hali zao za kawaida. Mganga yeyote ambaye angepiga kambi kwenye vijiji hivyo miezi hiyo, awe na hirizi, maji ya baraka au vidonge vya unga mtupu, angeondoka na mashahidi wa kutosha kujaza kipindi cha redio. Na kila shahidi angekuwa mkweli.

Sifa ya vikundi basi iko kwenye pengo: 6.5 kwa 54.7. Watafiti walikokotoa kwamba kama vikundi visingekuwa na athari yoyote, pengo kubwa kiasi hicho lingejitokeza kwa bahati tu chini ya mara moja katika elfu. Huenda karibu nusu ya nafuu iliyoonekana kwenye vikundi ingekuja yenyewe. Nusu nyingine ni kazi yao halali. Kwangu mimi matokeo hayo yana thamani kuliko asilimia 100 ya mtu asiye na cha kulinganisha nacho. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwongozo wa tiba hii ya vikundi, na nchini Uganda shirika la StrongMinds limeijenga kazi yake juu ya tiba hiyo tangu 2013.

Msomaji atauliza ayafanyie nini haya yote. Kama uko idara ya rasilimali watu na umeletewa mtaalamu wa kuongeza ari, mwenye grafu inayopanda baada ya mafunzo yake, mwombe grafu ya tawi ambalo halikupata mafunzo. Akikosa, wewe mwenyewe unaweza kuitengeneza: matawi kumi, pigeni kura, matano yaanze mwaka huu na matano mwakani. Gharama ni ileile, na mwisho wa mwaka mtajua kitu. Na kabla ya kutafuta ari, angalieni bahasha ya mshahara. Wale wanaume 14 wa Hawthorne hawakukosa ari, walikosa imani na mwajiri.

Kama ni ndugu yako anayeumwa, usiitumie makala hii kumwambia avumilie kwa kuwa yatapita yenyewe. Kwenye vijiji vile vya Masaka na Rakai vilivyobaki bila vikundi, zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa bado wagonjwa kipimo kilipofungwa. Huzuni iliyomkalisha mtu zaidi ya wiki mbili, iliyomtoa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kazi, ipelekwe kituo cha afya, na aliyeanza kutaja kifo asiachwe peke yake hata kwa siku moja.