Muulize Fundi Habari za Nikeli

Mzee mmoja wa hapa Nangara aliniletea usukani wa baiskeli ya Raleigh aliyoachiwa na marehemu baba yake. Alikuwa ameupeleka kwa fundi, ukarudi unang'aa kama kioo, lakini masika moja tu ikaufanya ubambuke. Nilipoukwaruza kwa kucha, ikatoka rangi ya kupuliza. Kroma haikuwepo hata chembe. "Sasa mwanangu," akaniuliza, "fundi wa kweli nitamjuaje?"

Sote tunajua tofauti ya cheni ya dhahabu na cheni ya kuchovya. Kroma nayo ni ya kuchovya. Chuma huzamishwa kwenye maji yenye kemikali, umeme ukapitishwa, na madini yaliyoyeyuka humo yakaganda juu yake. Lakini kroma tunayoisifia ni utando mwembamba mno, wa mikroni 0.3 hivi, wakati unywele mmoja una mikroni 70 hivi. Tena ina nyufa zisizoonekana kwa macho, na maji hupenya humo. Kinachokizuia chuma kisile kutu ni nikeli iliyo chini yake, na kwa kitu cha kunyeshewa mvua nikeli hiyo inapaswa kufika mikroni 25 au 30. Kroma huilinda nikeli isififie na kuipa ule weupe wenye ubuluu kwa mbali. Baiskeli za kabla ya miaka ya 1920 zilikuwa za nikeli tupu, ndiyo maana mng'ao wake una umanjano kidogo.

Kwa hiyo bei ya kroma isiwe swali lako la kwanza. Uliza kipande kitakaa muda gani kwenye pipa la nikeli. Nikeli ya kutosha hudai kama nusu saa au zaidi. Kroma ni dakika chache. Fundi akikwambia anachovya kroma moja kwa moja juu ya chuma cha kitu cha kunyeshewa mvua, chukua mzigo wako uondoke. Kisha omba akuonyeshe kazi aliyoifanya mwaka jana ikashinda juani na mvuani, maana iliyotoka jana kila fundi anayo.

Kazi kubwa zaidi hufanyika kabla ya pipa. Kroma kuukuu huvuliwa, kutu ikaondolewa, vishimo vikajazwa shaba, shaba ikapigwa msasa hadi iwe laini. Hapo ndipo vitu vya kale huharibiwa. Gurudumu la meno la Raleigh nyingi limechongwa ndege watatu aina ya korongo. Fundi mwenye haraka huwasugua hadi midomo ikawa butu. Piga picha kila kipande kabla hakijapanda basi kwenda kwa fundi Arusha, hesabu vipande, na uandike ni wapi pasiguswe na mashine.

Springi za tandiko zina hatari yake. Asidi na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, nacho huweza kukatika ghafla baadaye. Dawa yake ni kukioka kwa saa kadhaa, kwenye nyuzijoto 200 hivi, mara tu kinapotoka kwenye pipa. Fundi asiye na tanuri asipewe springi.

Jambo linaloniuma zaidi ni maji machafu. Kroma ya aina ya sita, inayotumika kwenye mapipa mengi, husababisha saratani ya mapafu kwa anayevuta mvuke wake miaka nenda rudi. Sisi tunaokula samaki wa Ziwa Babati hatuna haki ya kufumbia macho mtaro wa mtu mwingine. Karakana makini huyatia maji hayo sodiamu metabaisalfaiti yakiwa na asidi, rangi ya chungwa ikageuka kijani, kisha huweka chokaa ili tope la kroma lizame na litolewe. Omba kuliona pipa la tope la kijani. Omba pia kuona usajili wa kemikali kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwani sheria ya mwaka 2003 inaudai.

Mzee amefunga usukani na gurudumu la korongo kwenye gunia, tayari kwa safari. Springi amebaki nazo. Anazisugua kwa brashi ya waya na mafuta, jioni baada ya jioni, barazani kwake.