SIMU YA MTUMBA INAPOKATAA KUWAKA
Utaratibu wa kutafuta hitilafu baada ya simu kubadilishiwa programu

Mji wa Karatu umekaa kando ya barabara kuu iendayo Ngorongoro na Serengeti. Hapo hukutana mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, mfugaji atokaye Endulen na dereva wa watalii. Kila mmoja wao anaihitaji simu: mkulima kwa kuulizia bei, mfugaji kwa kupata habari za mvua na malisho, na dereva kwa kupanga safari. Asiyemudu simu mpya hununua ya mtumba. Mara nyingi simu ya namna hii huwa bado nzima, ila programu zake zimepitwa na wakati. Kwa mfano, tarehe 24 Oktoba 2023 WhatsApp iliacha kuhudumia simu zenye mfumo wa Android ulio chini ya toleo la 5.0. Siku hiyo hakuna simu iliyoharibika, lakini wenye simu hizo walipoteza huduma.

Dawa mojawapo ni kuuondoa mfumo wa zamani na kuweka mwingine, kazi ambayo mafundi huiita kuflashi. Jambo hili linawezekana kwa sababu sehemu kubwa ya maandishi ya programu ya Android, iliyoanza kuuzwa ndani ya simu mwaka 2008, iko wazi kwa umma. Wataalamu wa kujitolea huyachukua maandishi hayo na kuyarekebisha ili yafae kwa simu ambazo watengenezaji wamekwisha kuziacha. Toleo lililojulikana sana lilikuwa CyanogenMod. Lilipokoma mwaka 2016, nafasi yake ilichukuliwa na LineageOS.

Kazi hiyo ikienda vizuri, simu huongezewa miaka ya kutumika. Ikienda vibaya, simu hukataa kuwaka, na mwenyewe huambiwa kuwa imekufa. Hata hivyo, si kila simu isemwayo imekufa imekufa kweli. Yafaa kwanza ichunguzwe imekwama wapi.

HATUA ZA KUWAKA

Simu haiwaki kwa mkupuo mmoja. Kitufe kinapobonyezwa, maagizo machache yaliyochongwa ndani ya kichakata tangu kiwandani huanza kazi. Maagizo haya hayafutiki. Nayo huiamsha programu ndogo iitwayo butiloda, ambayo kazi yake ni kukagua na kupakia kiini cha mfumo, yaani kerneli. Kerneli huamsha skrini, kumbukumbu na redio. Kisha Android yenyewe huanza, na mwisho hufunguliwa taarifa za mwenye simu.

Kwa hiyo, mahali simu inapokwama ni dalili. Ikionyesha nembo ya mtengenezaji kisha ikazima na kuanza upya, butiloda ni nzima. Inayoshukiwa ni kerneli isiyolingana na simu hiyo. Ikionyesha picha ya mfumo mpya inayozunguka bila kikomo, kerneli imefaulu, na huenda taarifa za mfumo wa zamani ndizo zinazogongana na mfumo mpya. Hapo hutumika rikavari, programu ya matengenezo iliyo ndani ya simu, ili kuzifuta. Lakini fundi asifanye haraka: kuwaka kwa mara ya kwanza baada ya kuflashi huweza kuchukua dakika 10 au zaidi.

Hata simu isiyoonyesha kitu chochote isitupwe upesi. Iunganishwe na kompyuta. Kompyuta ikitambua kuwa kuna kifaa kimechomekwa, hata kwa jina lisiloeleweka, maagizo ya kichakata yangali hai, na yumkini simu inaweza kuandikiwa programu upya.

HITILAFU ZISIZO ZA PROGRAMU

Baadhi ya hitilafu zinazosingiziwa programu hutoka kwingine. Ya kwanza ni betri. Betri kuukuu huweza kuonyesha asilimia 30, lakini kichakata kinapohitaji umeme mwingi, nguvu yake hushuka ghafla na simu huzima. Baridi ya usiku kwenye ukingo wa Ngorongoro huzidisha tatizo hilo. Simu ikizima katikati ya kuandikiwa butiloda, madhara yake ni makubwa. Ndiyo sababu betri hujazwa na kupimwa kabla ya kazi.

Ya pili ni waya. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi mbili za umeme na mbili za kupitisha taarifa. Baadhi ya nyaya za bei rahisi zina zile za umeme tu. Simu itachaji, lakini kompyuta haitaiona kamwe.

Ya tatu ni faili lisilokamilika. Mtandao ukikatika wakati wa kupakua, faili huweza kuharibika. Watengenezaji wengi wa programu hizo hutoa alama ya uhakiki iitwayo SHA-256, yenye tarakimu na herufi 64. Ikitofautiana japo kwa moja na ile inayokokotolewa na kompyuta ya fundi, faili hilo lisitumike.

JINA MOJA, SIMU MBILI

Kosa la hatari zaidi ni kulifuata jina la biashara na kuisahau namba ya muundo. Simu ya Samsung Galaxy S7 ya mwaka 2016 iliuzwa Marekani ikiwa na kichakata cha Qualcomm, na katika nchi nyingi nyingine ikiwa na kile cha Exynos. Kwa sura ni mapacha. Kwa ndani, programu ya moja haiwezi kuiwasha nyingine. Tena butiloda ya ile ya Marekani ilifungwa na mtengenezaji, kwa hiyo haifai kwa kazi hii. Hata butiloda inayoruhusiwa kufunguliwa, kwa kawaida hufuta picha na taarifa zote inapofunguliwa. Nakala zitolewe mapema.

INAWAKA, LAKINI HAINA MTANDAO

Simu ikiwaka bila kupata mtandao, kwanza iwekwe kando ya nyingine yenye laini ya kampuni ileile. Kuta za Kreta ya Ngorongoro zina urefu wa kiasi cha mita 600, na mawimbi ya redio hayapenyi mlima. Zikikosa mtandao zote mbili, kosa ni la mahali. Ikikosa moja tu, hukaguliwa programu ya redio na namba ya IMEI yenye tarakimu 15, ionekanayo kwa kubonyeza *#06#. Yafaa namba hiyo iandikwe kabla ya kununua. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini, na kuibadilisha IMEI ni kosa la jinai.

Jambo la mwisho ni fedha. Baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyofunguliwa butiloda. Lakini M-Pesa kwa njia ya *150*00# hupitia kwenye laini, wala haitegemei toleo la Android.

Fundi anayebadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, akaandika alichofanya na simu ilivyojibu, huweza kurudi nyuma hatua kwa hatua. Anayebadilisha mambo matano kwa pamoja hatajua lipi limeponya wala lipi limeua, na gharama ya kutojua huko humwangukia mwenye simu.