Madaraja Makubwa na Makosa Yaliyoyajenga

Kila nisahihishapo madaftari ya Hesabu naona jambo lile lile. Mwanafunzi akikosea hufuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka, kusudi mwalimu asijue ya kuwa palikuwa na kosa. Mara nyingi nimewaambia wapige mstari mmoja tu juu ya kosa, kisha waandike hesabu mpya kando yake, lakini wachache hunisikia. Basi mhariri aliponiomba niandike juu ya madaraja na mahandaki mashuhuri ya ulimwengu, ambayo nimeyapenda tangu utoto wangu, niliona nimepata nafasi ya kuleta mashahidi wangu.

Shahidi wa kwanza yuko Scotland, penye mji wa Dundee. Hapo mto Tay unapokaribia bahari huwa mpana sana, na zamani abiria wa gari la moshi walilazimika kushuka na kuvuka kwa chombo. Injinia Thomas Bouch akajenga daraja la reli lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, refu kuliko madaraja yote ya reli ya siku zile. Lilifunguliwa mwaka 1878. Mwaka uliofuata Malkia Victoria alilivuka, naye Bouch akapewa heshima ya kuitwa "Sir".

Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 ilivuma tufani. Gari la moshi likaingia darajani likitoka kusini. Lilipofika katikati, mahali ambapo maboriti yaliinuliwa juu ili meli zipate kupita chini yake, sehemu ile yote ilianguka mtoni pamoja na gari na watu waliokuwamo. Hakupona hata mmoja.

Baraza la uchunguzi lilipokaa, mambo mengi yalifunuliwa. Bouch hakuweka katika hesabu zake nafasi ya kutosha kwa ajili ya msukumo wa upepo. Nguzo zilikuwa za chuma cha kusubu, nacho ni chuma kigumu lakini huvunjika upesi kikivutwa. Tena nguzo nyingine zilitoka kiwandani zina mashimo, nayo yalizibwa kwa mchanganyiko wa nta na unga wa chuma, yakapakwa rangi yasionekane. Ninyi mfutao makosa mpaka karatasi ikatoboka, nawaombeni mlisome neno hilo mara ya pili. Bouch alikufa mwaka 1880, kabla ya mwaka kutimia tangu ajali ile.

Wakati huo Bouch alikuwa amekwisha pewa kazi ya kujenga daraja jingine, kubwa zaidi, katika ghuba ya Forth karibu na mji wa Edinburgh. Kazi hiyo ilisimamishwa, wakapewa wengine, John Fowler na Benjamin Baker. Hao walianza mahali mwenzao alipokosea, yaani katika upepo. Baker aliweka vipima upepo karibu na mahali pa kazi na kuviangalia kwa muda mrefu. Daraja lenyewe lilipigiwa hesabu ya kustahimili msukumo wa ratili 56 kwa kila futi ya mraba, nayo ni kama kilo 270 kwa kila mita ya mraba. Na badala ya chuma cha kusubu walitumia feleji, yaani chuma cha pua.

Watu walikuwa na hofu, wakauliza daraja la namna ile litasimamaje. Mwaka 1887 Baker aliwaeleza kwa mfano mzuri sana. Watu wawili waliketi juu ya viti, wameachana, wakanyosha mikono yao kulia na kushoto. Kila mkono ulishika fimbo, na mwisho wa pili wa fimbo uliegemea kiti. Mikono ya nje ilifungwa kwenye mizigo ya matofali. Katikati, baina ya watu wale wawili, palining'inizwa ubao, na juu yake akaketi injinia wa Kijapani, Kaichi Watanabe. Uzito wake ulivuta mikono na kusukuma fimbo, na matofali ya pande za nje yaliwazuia wale wawili wasiinamie ndani. Basi mikono ile na fimbo zile ndizo mabomba na maboriti makubwa ya Daraja la Forth, na matofali ni nguzo za mwisho zilizoko kila upande. Jaribuni darasani, lakini wa kuketi katikati mchagueni aliye mwepesi.

Daraja la Forth lilifunguliwa mwaka 1890. Lina nafasi mbili kubwa, kila moja mita 521 kutoka nguzo hadi nguzo. Liliingia feleji zaidi ya tani 50,000, na ribiti zipatazo milioni sita na nusu. Tusisahau pia ya kuwa zaidi ya wafanya kazi 50 walikufa katika kazi hiyo. Magari ya moshi yangali yakipita juu yake hata leo.

Na huko Tay je? Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1887, limejengwa kando kabisa ya lile lililoanguka. Lakini ajabu ni hii: visiki vya nguzo za zamani havikuondolewa. Vimejipanga majini mpaka leo, sambamba na daraja jipya, na kila msafiri achunguliaye dirishani huviona. Hiyo ndiyo hesabu iliyokosewa iliyopigwa mstari mmoja, na jibu sahihi likaandikwa kando yake.

Msidhani ya kuwa upepo ulikuwa umekwisha maliza mafunzo yake. Shahidi wangu wa pili yuko Marekani, karibu na mji wa Tacoma. Huko walijenga daraja la kuning'inia kwa kamba za waya, nafasi yake kubwa mita 853, likafunguliwa mwezi Julai 1940. Maana ya hesabu za msukumo waliijua vema. Lakini daraja lilikuwa jembamba na jepesi, na kando zake zilikuwa za mabamba mazima ya feleji yasiyopitisha hewa. Tangu siku za kulijenga lilipanda na kushuka kama mawimbi, watu wakawa wanakuja kulivuka kwa mchezo.

Tarehe 7 Novemba 1940 ulivuma upepo wa kama kilomita 65 kwa saa, wala haukuwa tufani. Barabara ikaanza kujipinda, upande huu juu na upande ule chini, kisha kinyume chake. Kila ilipojipinda, kule kujipinda kwenyewe kuliupa upepo nafasi ya kuongeza nguvu, mpaka barabara ikakatika na kuanguka. Hakufa mtu, ila mbwa mmoja aliyeachwa ndani ya motokaa. Palikuwa na watu wenye kamera za sinema, kwa hiyo kosa hili latazamwa na wanafunzi wa uinjinia ulimwenguni kote. Daraja jipya, lililofunguliwa mwaka 1950, ni pana zaidi, na kando zake ni maboriti yaliyo wazi, upepo hupita katikati. Tangu hapo daraja kubwa la kuning'inia haliachwi lijengwe kabla mfano wake mdogo haujajaribiwa katika upepo wa mashine.

Sasa tushuke chini ya maji, kwa shahidi wa tatu. Watu wetu wa pwani wanamjua mdudu wa baharini atobozaye mbao za vyombo; kwa sababu yake majahazi hupakwa deheni. Husemwa kwamba Marc Brunel, mzaliwa wa Ufaransa, alimwangalia mdudu huyu akaona jinsi anavyokata mbao kwa gamba la kichwani na huku nyuma anapaka ukuta wa tundu lake ili lisizibe. Brunel akatengeneza ngao kubwa ya chuma yenye vyumba 36, na katika kila chumba mtu mmoja wa kuchimba. Wachimbaji walipoendelea kidogo, ngao ilisukumwa mbele, na nyuma yake waashi wakajenga ukuta wa matofali upesi. Kwa njia hiyo alianza, mwaka 1825, kutoboa handaki chini ya mto Thames mjini London.

Mwaka 1827 mto uliingia ndani. Wakatupa mifuko ya udongo wa mfinyanzi chini ya mto kuziba tundu, wakatoa maji, wakaendelea. Mwezi Januari 1828 mto uliingia tena, watu 6 wakafa, na Isambard, mwanawe Brunel, aliponea chupuchupu. Fedha zikaisha, mahali pa kuchimba pakafungwa kwa ukuta, na kazi ikalala miaka saba. Mwaka 1835 Brunel alirudi na ngao mpya, nzito na imara kuliko ya kwanza. Handaki likafunguliwa mwaka 1843, urefu wake mita 396 tu, lakini lilikuwa la kwanza duniani kupita chini ya mto wenye meli. Treni zimo humo hata leo. Na mashine zilizochimba njia ya reli chini ya bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, yenye urefu wa kilomita 50, iliyofunguliwa mwaka 1994, zilifuata desturi ile ile ya mdudu: kukata mbele na kujenga nyuma.

Nimemaliza ushahidi wangu. Wanafunzi, muhula ujao nitayasahihisha tena madaftari yenu. Atakayeacha kosa lake lionekane, na kando yake akaandika kwa nini alikosea, nitampa alama kwa maneno hayo pia. Nanyi wazazi, mtoto akileta nyumbani daftari lenye wino mwekundu, msianze kwa kumgombeza. Kwanza mwulizeni hesabu ile ilianguka mahali gani, na sasa angeijenga vipi.