Tangazo Lako Halioni Till Yako: Jinsi ya Kufuatilia Kampeni Ikiwa Bado Inaendelea

Umelipia tangazo kwenye Facebook au Instagram, shilingi 500 kila siku kwa wiki moja. Watu wanabonyeza, jumbe zinaingia WhatsApp, simu haitulii. Wiki ikiisha shilingi 3,500 zimeenda. Swali ni moja tu: zimerudi?

Wafanyabiashara wengi husubiri hadi mwisho ndipo waangalie. Hapo umechelewa, kwa sababu pesa zishatumika. Uzuri wa matangazo ya mtandaoni ni kwamba nambari zake unaziona tangazo likiwa hewani. Bango la barabarani ukishalichapisha, umelichapisha. La mtandaoni unaweza kulirekebisha leo hii.

Lakini kuna jambo moja la kukumbuka. Facebook inaona aliyebonyeza na aliyeanza kukuandikia. Haioni mteja akilipa kwenye till yako. Kwa hivyo tangazo linaloonekana kushinda kwenye simu laweza kuwa ndilo linalokula faida yako. Daraja kati ya tangazo na malipo ni lazima ulijenge mwenyewe.

Jua mteja ametoka wapi

Tuseme unauza viatu na una matangazo mawili, moja la picha na lingine la video. Njia hizi tatu hazihitaji mtaalamu:

1. Tangazo linalompeleka mteja WhatsApp hukuruhusu kuandika mapema ujumbe atakaoutuma. La picha liandike "Nataka viatu vya picha", la video "Nataka viatu vya video". Akituma tu, ushajua ametoka wapi.

2. Kama unatumia WhatsApp Business, weka lebo kwenye mazungumzo: "Picha", "Video", na "Amelipa".

3. Kama unapokea malipo kwa Paybill, mteja huandika nambari ya akaunti. Mpe neno fupi la kuandika hapo, tofauti kwa kila tangazo, na ripoti yako ya malipo itajipanga yenyewe. Till haina sehemu hiyo, kwa hivyo hapo tegemea lebo.

Piga hesabu ya mteja aliyelipa

Huu hapa mfano. Baada ya siku tatu kila tangazo limetumia shilingi 750.

La picha: watu 150 wamebonyeza, 25 wameandika, 2 wamelipa.
La video: watu 60 wamebonyeza, 20 wameandika, 5 wamelipa.

Ukiangalia waliobonyeza, picha imeshinda kwa mbali. Sasa gawanya gharama kwa idadi ya waliolipa. Picha imekugharimu shilingi 375 kwa kila mteja, video shilingi 150. Kama faida yako kwa jozi moja ni shilingi 300 kabla ya gharama ya tangazo, kila kiatu kilichouzwa kupitia picha kimekupa hasara ya shilingi 75. Cha video kimekuachia shilingi 150. Bajeti ikibaki ilivyo kwa siku nne zilizosalia, nusu yake itaendelea kulisha hasara.

Tafuta mahali mnyororo umekatika

Nambari hizi pia zinakuonyesha cha kurekebisha:

Wanaona lakini hawabonyezi: picha au maneno hayavutii, au tangazo linawafikia watu wasiofaa.

Wanabonyeza lakini hawaandiki: huenda bei haionekani, au hawajui duka liko wapi na kama unatuma mzigo nje ya mji.

Wanaandika lakini hawalipi: usilaumu tangazo kwanza. Angalia saa jumbe zinapoingia. Kama nyingi zinaingia saa mbili usiku na wewe unajibu asubuhi, mteja ashanunua kwingine. Peleka tangazo kwenye saa ambazo uko kwenye simu, au tafuta mtu wa kujibu jioni.

Usibadilishe kila saa

Kuona nambari papo hapo kuna hatari yake. Saa mbili bila mauzo si sababu ya kuzima tangazo. Mtu anaweza kuliona Jumatatu na kulipa Ijumaa, au mshahara ukiingia. Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, hueleza kwamba mfumo wake huhitaji takriban matokeo 50 ndani ya wiki ili utulie, na ukifanya mabadiliko makubwa unaanza kujifunza upya. Angalia nambari mara moja kwa siku, kwa saa ileile. Amua baada ya siku tatu hivi, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha picha, bei na eneo kwa mpigo, hutajua ni kipi kilichosaidia.

Pia usikimbilie kuamua kwa idadi ndogo mno. Tofauti ya mteja mmoja inaweza kuwa bahati tu. Katika mfano wetu, usiizime picha kabisa: ipunguzie pesa, iongezee video kidogo, kisha uangalie tena.

Majina ya wateja si mali yako

Malipo yakiingia unaweza kuona jina au nambari ya simu ya aliyelipa. Kuvitumia kuhakikisha kwamba malipo yamefika ni sawa. Kuvikusanya na kuanza kuwatumia watu matangazo ambayo hawakuomba ni jambo jingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa hizo, kwa hivyo mwombe mteja ruhusa kwanza. Swali fupi latosha: "Ungependa tukujulishe mzigo mpya ukifika?" Akikataa, heshimu.

Jioni hii, kabla ya kufunga, chukua daftari na uchore safu nne: pesa ya tangazo, walioandika, waliolipa, faida. Fungua ripoti yako ya malipo, jaza mstari wa leo, na kesho ujaze wa pili. Ukifika wa tatu, utajua shilingi 500 za siku ya nne ziende wapi.